Biskuti Iliyobadilishwa Jina

  Asanteni wote mliojaribu mapishi ya mwezi uliopita na mkanisimamisha njiani kunieleza yalivyokwenda.

Mwezi huu mapishi yetu yanatoka mbali, Uskoti, kule kaskazini ya kisiwa cha Uingereza. Ni biskuti mbili za duara zilizobandikwa pamoja kwa jamu. Juu zinapakwa sukari nyeupe, na katikati ya ule weupe inawekwa nusu ya tunda jekundu lililokaushwa kwa sukari, au peremende laini yenye rangi. Kule zinaitwa biskuti za Empire. Ukiingia leo katika duka la mikate la Uskoti utazikuta zimepangwa nyuma ya kioo, na watu wengi huzioka wenyewe nyumbani.

Nimezichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni rahisi. Hazitaki yai, hazitaki hamira, na zinaiva kwenye sufuria bila oveni. Ya pili ni historia ya jina lake. Naomba tuanze na hiyo ya pili kabla hatujawasha moto, kwa maana inatuhusu sisi hapa kuliko mnavyodhani.

JINA LA KWANZA

Linz ni mji wa nchi ya Austria. Mji huo una keki yake ya jamu inayojulikana sana, na maelezo ya kuipika yalikwisha kuandikwa tangu mwaka 1653. Watu wa huko wana pia biskuti ndogo za namna hiyohiyo, mbili mbili, jamu katikati, na katika unga wake wanatia lozi au karanga nyingine za kwao zilizosagwa.

Waskoti walizipenda, wakazioka kwa namna yao. Lozi wakaziacha, wakabaki na unga wa ngano, siagi na sukari, kama biskuti zao za asili. Jamu wakatumia ya rasiberi, tunda dogo jekundu la kwenye miiba ambalo Uskoti linastawi sana, hasa sehemu za Blairgowrie. Lakini heshima ya jina wakawaachia wenyewe: wengine waliziita biskuti za Linz, na wengine waliziita tu biskuti za Kijerumani, kwa sababu Austria nao wanasema Kijerumani. Hakuna aliyeona ubaya.

Basi ikafika tarehe 4 Agosti 1914. Uingereza ikaingia vitani na Ujerumani, na siku chache baadaye na Austria. Ghafla kila chenye jina la Kijerumani kikawa kibaya. Hata mbwa wa Kijerumani wa kulinda mifugo alibadilishiwa jina akaitwa mbwa wa Alsace. Mwaka 1917 mfalme wa Uingereza mwenyewe aliacha jina la ukoo wake lililokuwa la Kijerumani, akachukua jina la Windsor, ambalo ukoo huo unalitumia mpaka leo. Sasa kama mfalme amebadili jina, biskuti ni nani? Nayo ikaitwa Empire, maana yake himaya, yaani himaya ya Waingereza iliyokuwa inatawala nchi nyingi za dunia wakati huo.

New Zealand nako waliibadili, lakini wao walichagua kuiita biskuti ya Ubelgiji, kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa imevamiwa na ilikuwa upande wao. Na huko Ireland ya Kaskazini wako wanaoiita ya Kijerumani mpaka sasa. Yaani biskuti moja ina uraia wa nchi tatu, kutegemea nani alikuwa rafiki wa nani mwaka ule!

Mnaweza kucheka, hata mimi nilicheka. Lakini angalieni vizuri. Siku ile ilipobadilishwa jina, unga ulikuwa uleule, na siagi ileile, na jamu ileile. Hata mkono uliokuwa unaoka ulikuwa uleule. Hakuna kilichobadilika ndani ya biskuti. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya watu.

WATU HAWAKUPATA BAHATI YA BISKUTI

Biskuti ilipewa jina jipya ikaendelea kuliwa. Watu hawakupewa nafasi hiyo. Mwezi wa Mei 1915, Wajerumani walipoizamisha meli ya abiria Lusitania, makundi ya watu katika Liverpool, London na miji mingine ya Uingereza yalivunja maduka ya majirani wenye asili ya Kijerumani. Wengi wa wenye maduka hayo walikuwa waoka mikate na wauza nyama, watu waliokaa hapo miaka mingi na kuzaa watoto hapo. Mtu aliyenunua mkate Jumatatu, Jumanne alikuwa anarusha jiwe kwenye dirisha la aliyemuuzia.

Na maelfu ya wanaume wenye asili ya nchi za adui walifungiwa kambini. Mojawapo ilikuwa Stobs, karibu na mji wa Hawick, hukohuko Uskoti. Tena wakati uleule, Uingereza ilipokea wakimbizi wa Ubelgiji kama 250,000, na mji wa Glasgow ulipokea maelfu yao. Wengi wao walirudi kwao vita vilipokwisha. Kwa hiyo nchi moja, mwaka mmoja, ilikuwa na mgeni anayekaribishwa kwa chai na jirani wa zamani anayewekwa nyuma ya waya. Wala mgeni huyo wala jirani huyo hakuianzisha vita.

Msidhani vita hiyo ilikuwa mbali na sisi. Ilifika mpaka kwenye ziwa letu. Julai 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia Kigoma na kuwatoa Wajerumani. Baadaye nchi iliyokuwa ya Wajerumani ikagawanywa: sehemu kubwa ikawa ya Waingereza ikaitwa Tanganyika, na Ruanda-Urundi ikawa chini ya Wabelgiji. Na baada ya hapo majina hayakutulia. Wazee waliozaliwa Albertville wamezeekea Kalemie bila kuhama nyumba. Wengine wetu tuna wazazi waliosoma wakiwa Wazaire, kwa sababu kuanzia 1971 mpaka 1997 nchi iliitwa Zaire. Je, ndagala wa Albertville na ndagala wa Kalemie wana ladha mbili? Mama zangu, ninyi ndio mnaojua, nijibuni.

HAPA KWETU

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niandike haya yote. Nimeomba ruhusa ya mama mwenyewe, na jina lake silitaji.

Mama huyu anakaanga mandazi. Ni mandazi mazuri, yamevimba vizuri, hayanywi mafuta. Watoto wa shule walikuwa wanamzunguka saa ya mapumziko. Kisha yakaanza maneno, eti huyu ni wa watu fulani, eti watu wa kwao ndio waliotufanyia hivi na hivi. Mteja mmoja akaacha, na wa pili akafuata. Siku hizi anarudi nyumbani na nusu ya beseni. Mandazi hayajabadilika. Mimi nayala, najua.

Binti yake ni mwanafunzi wangu. Anakaa dawati la mbele na mwenzake mmoja tu, wakati madawati mengine wanabanana wanne wanne. Nilipowauliza wanafunzi kwa nini hawakai naye, mmoja alinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Mtoto wa miaka tisa! Hata hiyo vita anayoisema alikuwa bado hajazaliwa.

Wazazi wangu, mtoto wa miaka tisa hatungi jina la namna hiyo. Amelisikia. Labda kwenye foleni ya maji, labda siku ya mgao, labda usiku watu wakubwa wakizungumza wakidhani amelala. Sisi walimu tunaweza kumwambia asilitumie darasani, na tunamwambia. Lakini saa saba na nusu anarudi kwenu.

Sisemi watu wasahau walichoona. Kuna waliozika watu wao njiani, na mimi ni mdogo, siwezi kumfundisha mtu mzima namna ya kulia. Nasema tu kwamba aliyekuua wako hakuwa yule binti wa dawati la mbele, wala hakuwa mama wa mandazi, ambaye naye alikuja hapa na watoto mgongoni, akapewa sufuria na blanketi kama sisi.

Basi, twende jikoni.

MAHITAJI

Kipimo chake ni rahisi kushika: tatu, mbili, moja. Unga sehemu tatu, siagi sehemu mbili, sukari sehemu moja, kwa uzito.

Unga wa ngano gramu 300, ambao ni vikombe viwili na nusu hivi.
Siagi au margarini gramu 200. Ukinunua kopo la gramu 250, toa vijiko vitatu vya mezani vilivyojaa, kinachobaki ndicho kipimo.
Sukari gramu 100, yaani nusu kikombe.
Chumvi kidogo sana, ya kushika kwa vidole viwili.
Jamu kiasi cha kikombe kimoja.
Sukari ya unga ya kupaka juu.

Najua swali linalokuja: mafuta ya mgao yatafaa? Hapana, kwa biskuti hii hayafai. Yanataka mafuta yanayoganda, kwa sababu hayo ndiyo yanayoushika unga mpaka utakapoiva. Ukitumia mafuta ya maji, biskuti itakuwa ngumu kusukuma na itakatika ovyo. Kama siagi ni ghali kwa mtu mmoja, wachangie wawili watatu. Biskuti zinatoka nyingi.

JAMU

Hatuna rasiberi, na hatuzihitaji. Tumia mapera, nanasi, embe au mapasheni, lolote lililo la bei nafuu msimu huo. Ponda nusu kilo ya tunda, toa mbegu, weka sukari gramu 400 na maji ya ndimu moja. Chemsha ukikoroga bila kuacha. Ili kujua kama imeiva, dondosha tone kwenye sahani ya baridi, ngoja kidogo, kisha lisukume kwa kidole. Likijikunja kama ngozi, tayari. Likitiririka, bado. Mapera huganda haraka kuliko nanasi, kwa hiyo anayeanza aanze na mapera. Watoto wakae mbali, jamu inayochemka inaunguza kuliko maji.

KUOKA

1. Piga siagi na sukari kwa mwiko dakika tano mpaka ziwe laini na rangi ipauke.

2. Chekecha unga na chumvi, tia kidogo kidogo, changanya kwa ncha za vidole mpaka vishikane. Usikande! Hii si chapati wala mkate. Ukikanda, unga unavutika na biskuti inakuwa ngumu. Tunataka ivunjike mdomoni.

3. Funika, weka kivulini kwa nusu saa. Kama jua ni kali, weka bakuli lako ndani ya beseni la maji baridi.

4. Nyunyiza unga kidogo mezani, sukuma mpaka unene wa nusu sentimita. Kata duara kwa mdomo wa glasi ndogo au kopo safi lenye upana wa sentimita tano au sita. Utapata duara 36 mpaka 40. Hakikisha idadi inagawanyika kwa mbili, la sivyo moja itabaki bila mwenzake.

5. Oveni yetu ni sufuria. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu na safi unene wa vidole viwili, funika, weka juu ya jiko la mkaa kwa dakika kumi ipate moto. Ndani yake panga mawe matatu madogo, juu ya mawe weka sahani ya bati uliyoipaka siagi yenye biskuti zako, kisha funika. Weka makaa juu ya mfuniko pia. Moto wa juu uwe mwingi kidogo kuliko wa chini. Fanyeni kazi hii nje, mbali na hema na nyasi, na maji yawe karibu.

6. Baada ya dakika 12 funua uangalie. Kwa kawaida zinachukua kati ya dakika 15 na 20. Zinatakiwa zibaki nyeupe, kingo tu zianze rangi ya dhahabu. Ukizigusa zikiwa moto ni laini, usifikiri hazijaiva. Ziache kwenye sahani, zitakauka zikipoa.

7. Zikipoa kabisa, paka jamu kwenye moja, funika kwa nyingine. Zikiwa za moto jamu itatiririka yote.

8. Sukari ya juu: kama huna ile ya dukani inayoitwa aisingi, twanga sukari ya kawaida kwenye kinu kikavu, kisha ichekeche kwa kitambaa chepesi. Chukua vijiko 18 vya mezani, tia maji kijiko kimoja na nusu, koroga, na kama bado ni nzito ongeza tone kwa tone. Iwe nzito kama uji wa mgonjwa uliopoa. Paka juu ya kila jozi, weka kipande cha peremende laini au cha pera katikati, acha ikauke saa mbili au tatu.

Kuhusu kuni na mkaa, ambao sote tunajua unavyopatikana kwa shida: msiwashe moto kwa ajili ya biskuti peke yake. Maharage yakishaiva, makaa yanayobaki yanatosha sahani ya kwanza. Majirani wawili wakioka kwa zamu kwenye moto mmoja, wote wamepata nafuu.

HESABU YA WANAFUNZI, NA YA WANAOTAKA KUUZA

Wadogo zangu wa darasa la sita, huu ndio uwiano tuliosoma. Kama mama ana unga gramu 450, anahitaji siagi gramu ngapi na sukari gramu ngapi? Wazazi, msiwasaidie. Jibu ni 300 na 150, lakini wenyewe waseme walivyolipata.

Kwa anayetaka kuuza: andika bei ya kila kitu ulichonunua, pamoja na mkaa. Jumlisha. Gawanya kwa idadi ya jozi, siyo idadi ya duara. Hapo umepata gharama ya jozi moja, na bei yako lazima iwe juu ya hapo. Biskuti zisizo na jamu zinakaa wiki nzima kwenye kopo lililofungwa vizuri. Zikishapakwa, uza ndani ya siku mbili tatu, kwa sababu jamu inazilainisha. Wengine wanazipenda zaidi siku ya pili zikishalainika hivyo.

OMBI LANGU

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tatu asubuhi, tutaoka pamoja kwenye uwanja wa shule. Kila familia ilete inachoweza: kikombe cha unga, kijiko cha sukari, tunda moja, konzi ya mkaa. Asiye na kitu alete watoto. Watoto watakata duara na kupaka jamu, na kila mmoja atampa jozi yake ya kwanza mtu asiye wa kijiji chake.

Tunahitaji mtu anayejua kuutawala moto wa mkaa, maana biskuti hizi zinaungua upesi. Katika shule nzima hakuna anayeujua kuliko mama wa mandazi. Nimemwomba aje atuongoze. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Nadhani anangoja kuona nani atakuja.

Asubuhi ya Jumatatu, saa ya mapumziko, atakuwa mahali pake palepale karibu na mti, na beseni lake. Nawaombeni mpite.

Tukutane mwezi ujao.
Mwalimu wenu wa kujitolea